Mradi wa Kunyoosha Namba za Matangi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka yetu ya Maji, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ametuma mwakilishi. Mheshimiwa mwakilishi, ambaye naambiwa yuko njiani. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo na ninyi mnaokaimu nafasi za makaimu. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi pamoja na wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuikagua Kamati ya Maandalizi. Mafundi wetu wa mabomba mliosimama huko nyuma kwa sababu viti ni vya wageni. Mkunga Mkuu wa wodi ya wazazi, ambaye sikumwalika ila namwona amekaa mstari wa mbele. Ndugu waandishi wa habari, yaani wewe mpiga picha. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu ambaye cheo chake sijakitaja basi ajione ametajwa, tena kwa heshima zote. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka hii kwa mwaka wa tisa mfululizo, nikiwa na furaha isiyo kifani na unyenyekevu ambao kila mtu humu ndani anaufahamu kwa sababu huwa naukumbushia kila mkutano, kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Kimkakati wa Kunyoosha Safu za Namba katika Majibu ya Databesi ya Matangi, mradi ambao kifupisho chake kilitoka kirefu kuliko jina lenyewe, kwa hiyo tukakiacha. (Kicheko kidogo. Mkurugenzi anatazama kicheko kimetoka wapi.)

Kwa wale ambao hawakubahatika kusoma taarifa yangu ya kurasa mia moja na arobaini, ngoja nieleze kwa lugha nyepesi, maana najua mnanitazama tu lakini hamnielewi. Kila siku asubuhi, saa moja na nusu, mtaalamu wetu wa kompyuta, yule bwana pale kwenye projekta ambaye ofisi nzima tunamwita Miwani, hufungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, la kuandika amri kwa maneno matupu, akaiuliza databesi: jamani, matangi yetu yana maji kiasi gani? Databesi humjibu kwa jedwali. Upande huu jina la tangi, upande huu mita za ujazo zilizobaki. Matangi kumi na manne, mistari kumi na minne. Dada wa Zamu, yule mama mpole mwenye kalamu sikioni, hulitazama jedwali, akapanga tangi lipi lipate maji kwanza na lipi lifuate, akaandika orodha kwa mkono wake, akampa fundi wa valvu, na fundi wa valvu akaenda kufungua na kufunga. Ni utaratibu mzuri, tena rahisi, na kwa kweli urahisi wake ndio ulionisumbua tangu nilipoteuliwa.

Sasa, ndugu zangu, katika tathmini shirikishi ya kimultisektorali niliyoifanya nikiwa peke yangu ofisini, niligundua kwamba Dada wa Zamu anapoteza muda mwingi akisoma tarakimu moja baada ya nyingine. Nikatunga Waraka Namba Saba. (Makofi kutoka kwa makaimu.) Ahsanteni. Waraka ule ulisema, na naunukuu kwa kichwa kwa sababu nimeutunga mimi: msomaji wa jedwali asihangaike na tarakimu, atazame urefu. Namba fupi, maji ni machache, tangi lipewe zamu. Namba ndefu, maji ni mengi, tangi lisubiri. Basi! Muda wa kusoma ukashuka kwa asilimia sitini na mbili nukta nne, takwimu ambayo niliikadiria nikiwa nimefumba macho ili nisije nikapendelea upande wowote.

Na waraka ulifanya kazi, msinitazame hivyo! Wakati ule mita za matangi yote zilikuwa za zamani, zinaandika namba nzima nzima. Halafu wafadhili wakaja wakatufungia mita mpya ya kisasa kwenye tangi la wodi ya wazazi. Mita ile, kwa bidii yake, haitosheki na namba nzima. Inaandika namba, inaweka nukta, inaongeza tarakimu tatu. Na lile dirisha jeusi la Miwani, kwa ukaidi wake, linazisukuma namba zote kushoto, zinaegemea ukuta huo, kila moja inaanzia pale pale, ikiishia inakotaka yenyewe.

Tangi la nyumba za maofisa, ambako kwa bahati tu ndiko ninakoishi, likajaa pomoni likaandika 98. Herufi mbili. Matangi mengine kumi na mawili, makubwa kuliko letu, yakawa na mia na kitu, mia tatu na kitu. Herufi tatu. Tangi la wodi ya wazazi likaandika 6.375. Hesabu na nukta: herufi tano! Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, wodi ndiyo ikawa tajiri wa maji kuliko mji mzima, na sisi maofisa tukawa mafukara wa kupewa kwanza. (Minong'ono.) Kila asubuhi maji yanaletwa kwetu, yanafurika, yanapita uani, yanaingia barabarani. Bustani yangu sasa hatuimwagilii, tunaikausha. Vyura wamehamia na familia zao. Maji ya asubuhi hutosha matangi kumi na matatu, na la kumi na nne husubiri kesho yake, na la kumi na nne ni la wodi.

Siku ya pili wodi ikaandika 4.125. Halafu 2.750. Halafu 0.875. Mmeona ajabu hiyo? Maji yanapungua lakini urefu ni ule ule! Herufi tano jana, herufi tano leo! Nawaambieni, hiyo ni changamoto ya kiteknolojia ya kiwango cha juu ambayo nchi nyingi...

(Mkunga Mkuu anasimama. "Mheshimiwa, samahani. Leo ni siku ya kumi na moja. Asubuhi hii mita imesoma 0.125. Hizo ni lita mia na ishirini na tano kwa wodi nzima.")

Namshukuru Mkunga Mkuu kwa takwimu zake, ingawa kipindi cha maswali kimepangwa baada ya vitafunio. Mama, hebu keti.

("Siketi. Nina wazazi kumi na wawili vitandani, na mwingine nimemwacha mlangoni uchungu umemshika. Yule aliyejifungua alfajiri nimemfuta mtoto wake kwa maji ya chupa niliyoyabeba mwenyewe kutoka nyumbani. Mikono nanawa kwa kikombe, Mheshimiwa. Kikombe! Nataka valvu ifunguliwe sasa hivi, hotuba utaimalizia baadaye.")

(Mtu mmoja nyuma: "Mama kasema kweli.")

Nani amesema hivyo? Haya, tuendelee. Mama yangu, uchungu wako ni uchungu wangu, nausikia hapa kifuani, chini ya hii beji. Lakini Mamlaka ya kisasa haifungui valvu kwa sababu mtu ameshika kiuno. Mamlaka ya kisasa inaongozwa na data, na data inasema wewe una maji mengi. Nikikufungulia leo kwa kukuonea huruma, kesho nitamwambia nini mwenye tangi la soko? Nitamwambia nini Waraka Namba Saba? Ndiyo maana nimekuletea mradi! Hii siku ni yako, mama. Kaa uzinduliwe.

Lengo kuu la mradi, ambalo lilipatikana katika warsha ya siku nne ya kutafuta lengo kuu, ni hili: namba zote zipewe tarakimu tatu baada ya nukta, zote bila ubaguzi, kisha zisukumwe kulia, ili nukta ikae chini ya nukta, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na namba kubwa ijulikane kuwa kubwa hata kwa mtu aliyekaa mbali akitafuna karanga. Mkiniambia ni jambo dogo mtanivunja moyo. Tumelijengea fremuweki. Tumelichorea rodimapu. Awamu ya Kwanza ni kujenga uelewa wa pamoja kuhusu upande wa kulia, na nafurahi kutangaza kwamba maofisa sitini walihudhuria semina elekezi juu ya upande huo, na hamsini na nane walirudi wakiujua. (Makofi.) Wawili tumewapangia marudio. Awamu ya Pili ni uhamasishaji wa nukta. Awamu ya Tatu ni kuzisukuma zenyewe, namba, kwa awamu ndogondogo, tukianza na mamoja. Mpaka kufikia jana saa tisa alasiri, utekelezaji wa jumla ulikuwa asilimia themanini na saba.

(Dada wa Zamu ananyoosha mkono. "Mzee, kwa heshima, mimi nilikuandikia barua tatu kuhusu tangi la wodi. Ya kwanza siku ya pili tu.")

Dada yangu, barua zako nilizipokea zote, nikazipenda, mwandiko mzuri. Majibu yako yapo, yako kwenye rasimu. Na wewe ulifanya vizuri sana kuendelea kutii waraka wakati unasubiri.

("Sikufanya vizuri, Mzee. Niliiandika ile orodha kila asubuhi. Nilijua kabisa 0 si kubwa kuliko 98, mtoto wa chekechea anajua, lakini uliniambia nikipanga kinyume na waraka nitakaa nyumbani. Nina watoto wawili shuleni. Nikanyamaza. Najuta, nasema mbele ya watu, najuta.")

(Mkunga Mkuu anamtazama Dada wa Zamu kwa muda, halafu anamsogezea kiti kilicho kando yake.)

Jamani, jamani! Tusigeuze uzinduzi kuwa matanga. Naomba tuone mfumo wenyewe, ili wenye mashaka waone haya. Miwani! Hebu tuwekee pale ukutani ile picha ya mfumo, ile safu iliyonyooka. Mpiga picha, simama hapa, nipate mimi na ukuta.

(Miwani anavua miwani, anaifuta, anaivaa. "Picha gani, Mzee?")

Ile picha ya mfumo! Ile ya uzinduzi!

("Sijapewa picha yoyote. Mimi niliambiwa nilete projekta na waya.")

Basi fungua chochote, bwana, usiniaibishe! Fungua hilo dirisha lako jeusi, watu waone tatizo, na mimi nitawaeleza kwa mdomo litakavyokuwa likinyooka baada ya miaka mitatu.

(Dirisha jeusi linatokea ukutani. Miwani anaandika swali lake, anabonyeza. Mistari kumi na minne inashuka, namba zote zimeegemea kushoto. Mafundi wa mabomba wanasogea mbele kusoma. Mstari wa nyumba za maofisa: 98. Mstari wa wodi ya wazazi: 0.125.)

Mnaona wenyewe? Wodi herufi tano! Hata mimi ningekuwa mgeni ningesema hapa pana bahari. Hili ndilo donda tunalolitibu, ndugu zangu, donda ambalo linahitaji sineji ya wadau, linahitaji kapasiti bildingi, linahitaji muda, uvumilivu, na... Miwani, unaandika nini?

("Mstari mmoja tu, Mzee. Nadhani dakika moja itatosha.")

Mstari gani? Nani amekutuma?

("Huu wa kuziambia namba zote zipate tarakimu tatu baada ya nukta, zijazwe nafasi mbele ziegemee kulia, na jedwali lianze na tangi lenye maji mengi limalizie na lenye machache. Nilikuletea kwenye karatasi siku ya nne. Ukasema nisiguse kitu mpaka siku ya uzinduzi. Si ndiyo leo?")

(Anabonyeza. Jedwali linashuka tena. Nukta zimesimama moja chini ya nyingine kutoka juu mpaka chini, zimenyooka kabisa. Juu kabisa, 460.000. Mstari wa pili kutoka chini, 98.000. Mstari wa mwisho, peke yake, mbali na wenzake, 0.125. Fundi wa valvu, mtu mzima asiyezoea kusema mbele za watu, anasema kwa sauti ya chini: "Loo. Kumbe ni sifuri." Mkunga Mkuu anaelekeza kidole ukutani: "Ndio sisi hao. Huko chini ndiko tulipo.")

Rudisha! Miwani, rudisha zilivyokuwa! Hiyo safu haijazinduliwa! Utepe sijaukata, mkasi uko wapi? Mwenye mkasi! Huwezi ukanyoosha namba hivi hivi, kienyeji, kwa mstari mmoja, watu wakiwa wamekaa! Semina tumefanya ya nini? Watu sitini wameusomea upande wa kulia kwa siku nne, wewe unaufikia kwa dakika? Huo ni utovu wa mchakato! Mpiga picha, usipige ukuta, nipige mimi!

(Dada wa Zamu ametoa kalamu sikioni. Anaandika juu ya goti lake, akitazama ukuta kila baada ya mstari. Anachana karatasi, anampa fundi wa valvu. "Shika. Wodi kwanza. Nyumba za maofisa mwisho kabisa, funga.")

Wewe dada, unajua unachokifanya? Kuna Waraka Namba Saba!

("Nimeufuata, Mzee. Umesema nitazame urefu. Tazama mwenyewe: namba ya wodi imekuwa fupi kuliko zote, upande ule wenye maana. Na kama ni kukaa nyumbani, nitakaa. Leo nitalala vizuri.")

Fundi! Fundi, simama hapo ulipo! Karatasi hiyo haina baraka zangu!

(Fundi wa valvu anakunja karatasi, anaitia mfukoni. "Mzee, mimi miaka yote nafuata orodha ya dada. Orodha ndiyo hii." Anaokota spana yake chini ya kiti na kutoka. Mkunga Mkuu anamfuata karibu akikimbia, ameshika viatu mkononi. Mafundi wengine wanatoka. Wakuu wa vitengo wanatazamana, kisha nao wanatoka.)

Ndugu zangu, hotuba haijaisha! Nimebakiza kurasa kumi na nne! Haya, sawa, naona mmeamua kuanza na ziara ya kutembelea mradi. Ni wazo zuri, ingawa kwenye ratiba ziara iko saa nane. Lakini tulieni kwanza. Mnakwenda kutembelea nini? Makaimu, rudini! Huko mnakokwenda hakuna mradi! Nawaambia kweli, hakuna! Huko kuna bomba na valvu tu, mtaona nini? Mradi haupo huko! Hata hapa haupo! Ile ofisi ya mradi mliyoiona kwenye kalenda ni mlango tu, tuliupaka rangi, nyuma yake ni stoo ya mifagio! Mtashangaa bure!

(Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi wanatoka. Wajumbe wa Kamati Ndogo wanatoka nyuma yao, wakiwakagua.)

Basi mwende salama. Sitawalaumu. Mpiga picha, wewe baki, tumalizie kwa utaratibu. Tupaze kaulimbiu yetu kwa pamoja. Mimi nikisema nukta, wewe sema chini ya nukta. Nukta! (Kimya. Mpiga picha anabadilisha betri.) Safu oyee! (Kimya.) Maendeleo ni upande wa kulia! (Kimya.)

Kwa kumalizia, napenda kutoa shukrani. Naishukuru Bodi kwa kuidhinisha mradi bila kuusoma, jambo lililotusaidia kwa sababu hapakuwa na cha kusoma. Naishukuru Kamati ya Maandalizi, iliyotuandalia uzinduzi huu vizuri mno hata tukasahau kuandaa kinachozinduliwa. Nawashukuru wale maofisa sitini wa semina, pamoja na yule mkufunzi, ambaye nilikuwa mimi. Namshukuru na Miwani, kwa shingo upande, kwa kumaliza kwa mstari mmoja mradi ambao sisi tulikuwa hatujauanza, na kuanzia kesho ataandika maelezo. Zile asilimia themanini na saba zilikuwa za utekelezaji wa hii hotuba. Jana alasiri nilikuwa nimeandika mpaka ukurasa wa mwisho mwisho.

(Kutoka nje, upande wa wodi, zinasikika kelele za wanawake, halafu vigelegele. Mpiga picha anaweka kamera begani na kwenda kutazama. Simu ya Mkurugenzi inaita. Kipaza sauti bado kinafanya kazi, kwa hiyo anasikika mpaka uani.)

Haloo? Mama watoto, niko jukwaani, sema haraka. Yamefanyaje? Yamekatika? Yamekatika yote, hata bomba la uani? Una sabuni kichwani? Pole sana, mke wangu. Usinipigie kelele, nakusikia. Sikiliza, chukua ndoo, nenda taratibu mpaka wodi ya wazazi, muulize Mkunga Mkuu kwa adabu akukingie kidogo. Mwambie umetumwa na Mkurugenzi wa mradi.

Mradi wa maji, mke wangu. Huu ambao kila siku asubuhi naondoka nyumbani nikikwambia naushughulikia.

Unaniuliza mradi gani? Hata wewe?